Viwanja vya Ipagala: mlanguzi ni nani?

Katika ofisi zetu na katika vyumba vya walimu ipo hukumu moja ambayo hutolewa kila mara mazungumzo yanapogusa ujenzi wa miji. Hukumu hiyo husema kwamba miji yetu inaharibiwa na watu wasiojua: mkulima anayekata shamba lake vipande na kuviuza bila kupimwa, mama anayepanga nyanya kando ya barabara, kijana anayejenga kibanda usiku ili kukicha kiwe kimekwisha kuezekwa. Mshtakiwa huwa hayupo barazani, wala hana wa kumsemea. Kwa hiyo hukumu hupita bila kupingwa, na sisi tuliohukumu hurudi kwenye kazi zetu tukiwa tumeridhika.

Makala haya yanakusudia kuipinga hukumu hiyo. Yanasema kwamba adui mkubwa wa mpango wa mji wa Dodoma leo si yule asiyejua mpango. Adui ni yule anayeujua vizuri, anayeweza kuisoma ramani na kuitambua namba ya kitalu, ambaye amejipatia viwanja viwili, vitatu au vinne vilivyopimwa kwa gharama ya umma, akavizungushia ukuta na kuviacha vimee magugu. Mtu huyo aghalabu si mfanyabiashara wa kigeni. Ni mtumishi, ni msomi, ni Ndugu yetu. Ni sisi.

Anayetilia shaka maneno haya na aende Ipagala, upande wa mashariki wa mji, akatembee kwa miguu badala ya kupita kwa gari. Ataona nyumba nzuri zilizokamilika, zenye miti na maua. Hatua chache mbele ataona ukuta wa matofali wenye geti la chuma, na ndani ya geti hilo hamna kitu ila vichaka. Mbele tena ataona msingi uliochimbwa zamani hata mbuzi wamegeuza kifusi chake kuwa mahali pa kuchezea. Kisha nyumba mbili, kisha pori, kisha pagale lisilo na paa. Mgeni asiyejua kwamba Ipagala ni jina la kale la wenyeji angedhani mahali hapa pamepewa jina kutokana na mapagale. Nguzo za umeme zinapita mbele ya magugu hayo, na barabara imechongwa kuyafikia. Umma umekwisha kutimiza sehemu kubwa ya wajibu wake. Mwenye hati hajatimiza wake.

Yafaa tukumbuke mji huu ulianzishwa kwa shabaha gani. Mwaka 1973 Chama cha TANU kiliyapeleka matawi yake swali la kuhamisha Makao Makuu kutoka Dar es Salaam. Matawi 1,017 yaliafiki na 842 yalikataa, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo uamuzi ukatangazwa. Haukuwa uamuzi wa watu wachache waliojifungia chumbani, wala haukuwa wa kauli moja. Ulikuwa uamuzi wa wananchi waliobishana, wengi wakashinda. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa herufi za CDA, na mwaka 1976 ukakamilika Mpango Kabambe uliotayarishwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada.

Mpango huo ulikuwa na wazo moja la msingi ambalo leo limesahauliwa. Dodoma haikukusudiwa kuwa mji wa maghorofa na magari ya watu binafsi. Ilikusudiwa kuwa mji wa jumuiya ndogo ndogo, chimbuko lake likiwa ni kundi la nyumba kumi, kila jumuiya ikiwa na shule yake, zahanati yake, duka lake na uwanja wake wa wazi, na zote zikiunganishwa kwa njia za mabasi na za waendao kwa miguu. Mtoto aende shule kwa miguu. Mfanyakazi apande basi. Jirani amjue jirani.

Sasa tujiulize: kundi la nyumba kumi linawezekanaje mahali ambapo katika viwanja kumi zimejengwa nyumba nne? Mjumbe wa nyumba kumi atamwita nani katika mkutano? Ataliita geti? Shule itapata wapi watoto wa kutosha, na basi litapata wapi abiria wa kulilipia mafuta yake, ikiwa kati ya nyumba na nyumba kuna pori? Tuseme wazi kwamba kiwanja kitupu kinauvunja mpango huo katika mzizi wake, kwa namna ambayo kibanda cha mama wa nyanya hakiwezi.

Lakini tazama historia yetu ilivyoelemea upande mmoja. Kwa miaka zaidi ya arobaini CDA ilikuwa mwenye ardhi yote ya mji, na mwananchi alipangishwa kiwanja chake kwa muda wa miaka 33. Mamlaka hiyo ilikuwa na uwezo mkubwa, na uwezo huo ulijulikana zaidi kwa tingatinga. Nyumba iliyojengwa bila kibali ilibomolewa. Wazee wa Dodoma wanayakumbuka malalamiko hayo, na ni malalamiko hayo yaliyochangia kuivunja Mamlaka hiyo tarehe 15 Mei 2017, kazi zake zikahamishiwa Manispaa, ambayo tarehe 26 Aprili 2018 ilitangazwa kuwa Jiji. Muda wa kumiliki nao ukaongezwa kutoka miaka 33 hadi 99.

Hatusemi kwamba kibali si kitu. Mji bila kibali ni vurugu. Tunachosema ni kwamba sheria ina makali mawili. Upande mmoja unamkataza mtu kujenga pasipo ruhusa. Upande wa pili unamwamuru aliyepewa ruhusa ajenge. Masharti ya kawaida ya hati ya kiwanja cha makazi yanamtaka mwenye hati akamilishe ujenzi katika muda wa miezi 36. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, na inatoa njia ya kuibatilisha hati ya mtu anayevunja masharti. Tingatinga la upande wa kwanza limenguruma sana mijini mwetu. Je, ni mara ngapi tumesikia kwamba mkubwa fulani amenyang'anywa kiwanja chake kwa kosa la kutojenga? Makali yanayomkata mnyonge yamenolewa kila siku. Yale ya upande wa pili yameachwa yapate kutu.

Mambo yalizidi baada ya mwaka 2016. Tarehe 25 Julai mwaka huo, katika Siku ya Mashujaa, Rais John Magufuli alitangaza hapa Dodoma kwamba Serikali itahamia kweli. Waziri Mkuu akahamia mwezi Septemba, Makamu wa Rais mwezi Desemba 2017, na Rais mwenyewe mwezi Oktoba 2019, mji wa Serikali ukiwa umekwisha kuanza kujengwa Mtumba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179 katika Jiji. Ni ongezeko la watu zaidi ya 354,000 katika miaka kumi. Hilo lilikuwa tendo kubwa la kutimiza ahadi ya mwaka 1973, na anayelibeza hajui gharama ya kuahirisha mambo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Hata hivyo, pamoja na watu waliokuja kuishi walikuja na watu waliokuja kununua. Hao hawakuwa na haja ya nyumba. Walikuwa na haja ya bei. Walijua kwamba barabara ikifika kiwanja kitapanda thamani, na umeme na maji vikifika kitapanda tena. Kila senti ya kupanda huko inatoka katika kodi ya wananchi wote, pamoja na mkulima wa Kongwa na mvuvi wa Ukerewe ambao pengine hawataiona Dodoma maisha yao yote. Mwenye kiwanja hakutoa hata tone la jasho. Anayeficha sukari ghalani akingoja bei ipande tunamwita mlanguzi, na tunataka ashtakiwe. Anayeficha ardhi nyuma ya ukuta akingoja bei ipande tunampongeza kwa kuona mbali!

Na hasara yake si ya maneno. Tuchukue mfano wa mtaa wenye viwanja 100, ambao 40 tu vimejengwa. Bomba linalopaswa kuchimbwa ni la urefu ule ule kama vyote 100 vingejengwa, lakini wanaolipia maji ni 40. Nguzo za umeme ni zile zile. Barabara ni ile ile, na mitaro ni ile ile. Dodoma ni mji wa nyanda kavu, ambao mvua yake ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, na ambao kwa miaka mingi umetegemea maji ya visima vya Mzakwe katika eneo la Makutupora. Mji wa namna hiyo hauna anasa ya kutandaza mabomba porini. Familia ya arobaini na moja, ambayo ingeweza kukaa katikati ya huduma hizo, haipati kiwanja, kwa kuwa vyote "vina wenyewe". Inasukumwa nje kilomita nyingi, na huko inaanza upya kulia maji, barabara na shule. Kisha tunakaa ofisini na kushangaa kwa nini mji unatambaa kama moto wa nyika.

Isitoshe, mfumo wetu wa kodi unamwadhibu anayejenga. Kodi ya majengo hutozwa jengo, na tangu mwaka 2021 mwananchi hukatwa kodi hiyo anaponunua umeme wa LUKU. Mwalimu aliyejinyima akajenga vyumba vitatu na kuvuta umeme huilipa. Mwenye ukuta na magugu hana umeme wala jengo la makazi. Hulipa kodi ya pango la ardhi, ikiwa anailipa, na basi. Yaani anayeujenga mji anatozwa zaidi ya anayeuzuia usijengwe. Huu si mpango, ni kichekesho.

Chama chetu kilitufundisha kwamba anayetaka kukosoa na aanze kwa kujikosoa. Mwandishi wa makala haya naye alikuwa na kiwanja Ipagala. Alikipata kwa halali, akakilipia, akakiacha kwa miaka minne. Siku moja alipokwenda kukitazama alikuta bibi mmoja wa Kigogo amepanda uwele ndani ya mipaka yake. Nilimwamkia, "Mbukwenyi," naye akaitikia kwa upole, kisha akaomba radhi na kuniuliza kama ningemruhusu avune kabla ya kujenga. Alinieleza kwamba hapo palikuwa shamba la mumewe. Walilipwa fidia, wakahama. Ndipo akasema maneno ambayo sijapata jibu lake hadi leo: "Mwanangu, mlituambia tupishe ili mjenge mji. Sisi tumepisha. Mji wenyewe uko wapi?"

Nilikuwa na shahada ya Chuo Kikuu mfukoni na sikuwa na la kumjibu. Bibi yule alikuwa ametimiza wajibu wake kwa mpango wa Taifa. Mimi, niliyeandika makala chungu nzima kuhusu maendeleo, sikuwa nimetimiza wangu. Kama ardhi ile ingebaki mikononi mwake ingezaa uwele, watu wakala. Mikononi mwangu haikuzaa nyumba wala chakula. Bibi alivuna uwele wake. Nami mwaka uliofuata nilianza kujenga. Sitaji jambo hili ili nisifiwe, maana anayelipa deni lililochelewa hasifiwi.

Najua majibu yatakayotolewa, na yanastahili kujibiwa kwa heshima. Jibu la kwanza ni kwamba mishahara ni midogo na saruji ni ghali. Hilo ni kweli. Mwalimu anayejenga kidogo kidogo, leo msingi, mwakani ukuta, mwaka unaofuata mabati, si mlanguzi. Huyo ndiye mjenzi wa nchi hii, na Serikali ingepaswa kumwongezea muda na kumtafutia mkopo nafuu. Lakini hoja ya mshahara mdogo haiwezi kumtetea mwenye viwanja vinne. Ikiwa mshahara haukutosha kujenga kimoja, ulitosha vipi kununua vingine vitatu?

Jibu la pili ni kwamba watu hawajengi kwa kuwa huduma hazijafika. Hili nalo lina ukweli wake, na Dar es Salaam ni shahidi. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo kama Kibada, Bunju na Buyuni; katika baadhi ya maeneo hayo viwanja vingi vilikaa miaka mingi bila kujengwa, na maji na barabara vilichelewa. Lakini huduma hukimbilia walipo watu, na watu hukimbilia zilipo huduma. Mmoja lazima aanze. Mahali ambapo Jiji limepima bila kupeleka hata barabara, na Jiji lilaumiwe, na saa ya miezi 36 isianze kuhesabiwa. Ila pale ambapo nguzo ya umeme imesimama mbele ya geti, kama tunavyoona Ipagala, udhuru huo umekwisha.

Jibu la tatu ndilo baya kuliko yote. Linasema: kiwanja ni mali yangu, nitakifanya nipendavyo. Hayo ni mawazo ya kibwanyenye ambayo nchi hii iliyakataa tangu asubuhi ya Uhuru. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja, ule usio na masharti wala ukomo, ulifutwa kwa sheria. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Kweli, mwaka 1991 masharti ya uongozi yalilegezwa kule Zanzibar, na hakuna anayedai leo kwamba mtumishi asiwe na nyumba ya kumwongezea kipato. Lakini anayepangisha nyumba amewapa watu mahali pa kulala. Anayefungia magugu amewapa watu nini? Kulegeza masharti hakukuwa kuifuta kanuni kwamba ardhi ni ya wote na kwamba haki ya kuitumia hudumu kwa kuitumia.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wetu peke yetu, au kwamba hupona wenyewe. Majirani zetu wa Malawi walihamisha makao yao makuu kutoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975, wakaupanga mji kwa vitongoji vilivyoachana. Nafasi pana zilizobaki kati ya vitongoji hivyo zimewafanya wananchi watembee mwendo mrefu kutoka sehemu moja hadi nyingine. Sisi tumeanza kuchora mfano huo huo kwa mikono yetu, si kwa sababu ramani inatuamuru, bali kwa sababu ya tamaa.

Nini kifanyike? Kwanza, orodha ya viwanja vilivyopimwa visivyojengwa, pamoja na tarehe za hati zake, ibandikwe katika ofisi ya kila mtaa, kuanzia Ipagala. Wananchi waisome. Mlanguzi huogopa mwanga kuliko anavyoogopa faini. Pili, kila mwenye hati aliyepitisha muda apewe ilani. Mwenye kiwanja kimoja na sababu ya kweli aongezewe muda. Mwenye vingi achague kimoja cha kujenga, na vingine virudi kwa utaratibu wa sheria na vigawiwe wasio na pa kukaa. Tatu, kodi ya kiwanja kitupu kilichofikiwa na huduma izidi ile ya kiwanja kilichojengwa, tena ipande kila mwaka. Nne, Jiji lisitwae shamba jingine la mwanakijiji pembezoni kabla ya kujaza viwanja lilivyokwisha kupima katikati. Na pale linapolazimika kutwaa, fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, kama sheria inavyotaka. Tano, viwanja vya wazi vilivyoonyeshwa katika ramani kwa ajili ya watoto vilindwe na walimu wa shule zilizo karibu, maana ndio wanaojua mapema mtu anapoanza kumwaga mchanga humo.

Na kazi hii ianzie kwetu watumishi. Ofisa anayesaini barua ya kumbomolea mama kibanda, huku yeye mwenyewe ana viwanja vitatu vilivyoota mibigili, hana haki mbele ya mama yule. Mwalimu anayefundisha uraia darasani na jioni akatafuta dalali wa kiwanja cha nne, wanafunzi wake watajifunza lile la jioni.

Mji haujengwi kwa hati iliyofungiwa kabatini. Unajengwa kwa nyumba zenye moshi jikoni na watoto mlangoni. Bibi wa Ipagala alitupisha kwa imani. Swali lake bado linangoja jibu, na jibu hilo hatutaliandika kwa kalamu. Tutaliandika kwa matofali, au turudishe ardhi kwa watakaoijenga.